Miezi minane kwa mama ntilie wa Gerezani

Nianze na bei, maana najua wengi mnasoma mpaka hapo tu. Dona na maharage na mboga ya majani, 2,000. Ukiongeza dagaa, 2,500. Samaki wa kukaanga 4,000. Makande ya Jumatano 1,500. Pilau ya Ijumaa 4,000 na kachumbari yake. Kipande cha tikiti kinakuja na sahani bila kuomba, isipokuwa majira tikiti limepanda bei. Hapo unakatiwa kipande chembamba, ukikiinua unamwona anayekula upande wa pili.

Sasa niseme nilivyofika hapo, kwa sababu sikufuata utamu.

Mimi ni fundi cherehani Kariakoo, huu mwaka wa 19. Kazi yangu ni ya kukaa. Natoka Kimara na mwendokasi, nashuka Gerezani, natembea kidogo, nakaa kwenye cherehani mpaka magharibi. Mwaka jana mwezi wa pili nilikwenda kupima macho tu, maana uzi ulikuwa umeanza kukataa tundu la sindano. Daktari wa macho akaniambia nikapime na sukari. Nikapima asubuhi kabla sijatia kitu kinywani: 6.5. Nesi akasema iko mpakani. Kisukari chenyewe kinaanzia 7.0, lakini hapo nilipo si pa kuchekea. Nikarudi dukani, nikasubiri wenzangu watoke kuswali, nikajipima kiuno kwa futi ileile ninayowapimia wateja. Inchi 41. Nimeandika 41 kwenye daftari la vipimo mara nyingi sana, ya watu wengine, wala sijawahi kuitazama mara mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kulipa. Kuna mtu ana kundi la WhatsApp la kupunguza mwili, simtaji, wateja wake hawajakosa. Kifurushi cha siku 21, shilingi 60,000. Asubuhi uji wa shayiri ya kopo na lozi. Mchana kifua cha kuku kisicho ngozi, parachichi nusu na majani mabichi. Usiku supu ya maji maji. Ugali marufuku, wali marufuku, chapati hata kuitaja kwenye kundi unakemewa. Kila mlo unaupiga picha na kuutuma kabla ya kula. Na sheria kubwa kuliko zote: ukiteleza, hata kama ni tonge moja, unarudi siku ya kwanza.

Nilirudi siku ya kwanza mara nne.

Mara ya pili naikumbuka vizuri. Ilikuwa siku ya 9, na nilikuwa nimealikwa kwenye sendofu ya binti wa mteja wangu. Sare za vitenge za watu 34 zilitoka kwenye cherehani yangu, ningekosaje kwenda? Sinia la sambusa likapita. Nikachukua moja. Moja kweli. Kabla sijaimaliza nikasikia mtu ndani ya kichwa changu anasema, si umeshaharibu? Liwalo na liwe. Nikala sambusa sita, pilau sahani mbili, keki, na soda ya machungwa niliyokuwa sijaigusa tangu mwezi wa pili. Nilikula kama mtu anayehama nyumba usiku. Kwa nini nisile, wakati kesho ni siku ya kwanza?

Binti yangu yuko chuo, anapenda kunisomea mambo kwenye simu wakati nakunja nguo. Siku moja akanisomea kuhusu watafiti wawili, Herman na Mack, ambao mwaka 1975 walifanya jaribio na wanawake. Wengine waliwapa kwanza maziwa mazito yaliyosagwa na aisikrimu, wengine hawakuwapa. Kisha wote wakawekewa aisikrimu, wale watakavyo. Wale wasio na mazoea ya kujinyima, wakishakunywa maziwa, walikula aisikrimu kidogo; matumbo yalikuwa na kitu. Wale wanaojinyima kila siku walifanya kinyume: waliokunywa maziwa ndio waliokula aisikrimu nyingi zaidi. Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Sambusa yangu ya kwanza ndiyo ilikuwa yale maziwa.

Basi 60,000 zikaenda, na shayiri ya kopo nusu bado iko kabatini. Nikawa siko kwenye kundi, wala siko kwenye chakula changu cha zamani kwa amani. Nilikuwa nakula chipsi mayai huku najilaumu, ambayo ni njia mbaya sana ya kula chipsi mayai.

Kibanda cha huyu mama kiko uchochoro wa nyuma, upande wa Gerezani, kati ya mafundi wa kuchomelea na stoo za vifungashio. Sikuwa nakijua ingawa nimekipita miaka. Turubai la bluu, meza mbili ndefu zilizofunikwa karatasi za maua, mabenchi, na kiti kimoja cha plastiki. Masufuria yamepangwa mstari. Siku ya kwanza nilikaa nikamwambia kwa sauti ya mgonjwa: "Mama, sukari yangu iko mpakani, mimi ugali sili."

Akaniangalia kama nimemtukania ukoo. "Ugali gani huo usioliwa, fundi?"

Alikuwa ameshaona uzi uliong'ang'ania kwenye blauzi yangu, akajua kazi yangu. Tangu siku hiyo ananiita fundi, jina langu hajawahi kuliuliza.

Akafunua sufuria ya dona. Anapimia kwa mabakuli: kubwa la bluu kwa wabeba mizigo na wasukuma mikokoteni, dogo la kijani kwa watoto wa shule. Mimi akanipa la kijani. Halafu nafasi iliyobaki kwenye sahani akaijaza mchicha, upawa wa kwanza, wa pili, akafikiri kidogo, wa tatu. Maharage pembeni. Nusu ya sahani nzima ilikuwa kijani. Baadaye kliniki walinionesha mchoro wa sahani iliyogawanywa vilevile: nusu mboga, robo wanga, robo maharage au nyama au samaki. Nikamwambia nesi, huu nimeshaula tangu mwezi wa nne.

Nikae kidogo kwenye dona, kwa sababu ndiyo iliyonirudisha mezani. Mahindi yakisagwa mazima, na pumba zake na kiini chake, ndiyo dona. Yakikobolewa kwanza unapata sembe, nyeupe, laini, inayoteleza kooni kabla hujaitambua. Vitamini nyingi na nyuzi za mahindi zinabaki kwenye pumba, yaani tunawapa kuku sisi tunakula weupe. Dona ya huyu mama ina rangi ya mchanga wa pwani, inakwaruza kidogo ulimini, na ina harufu ya mahindi, si ya gunia. Bonge la bakuli la kijani linanifikisha saa kumi na mbili jioni bila kutafuta karanga za mfukoni. Sembe la ukubwa huo, saa tisa nishaanza kuulizia maandazi.

Ila dona si kitu cha kununua popote na kujisifu. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wake unachacha upesi na kuwa mchungu. Huyu mama anasaga kidogo kidogo. Tena hili ndilo lililonifanya nimwamini: anachambua mahindi mwenyewe kabla ya kuyapeleka mashineni. Yeye ni mtu wa Kongwa, mkoani Dodoma. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na ukikoboa sehemu kubwa yake inaondoka na pumba, ukila dona unaila yote. Wale wa makundi ya siku 21 wanaosema "kula vyakula visivyokobolewa" sijawahi kuwasikia wakitaja hilo. Yeye jioni utamkuta na ungo mapajani, anatupa punje zilizobadilika rangi, hata zile ambazo mimi ningezipitisha.

Mboga zinabadilika kwa siku. Jumatatu mchicha wenye karanga. Jumanne matembele, na hayo ndiyo anayoyapatia kuliko yote, na kitunguu kingi na nyanya, bila kuyaua motoni. Jumatano makande hayana mboga ila ukiomba. Jumamosi kisamvu cha nazi, kizito, unakula kidogo. Na Alhamisi mlenda.

Alhamisi ndiyo siku ya kuona watu. Sisi tuliolelewa pwani mlenda tunautazama kwa jicho la pembeni, kwa ule utelezi. Wiki tatu za kwanza niliukwepa nikaagiza maharage matupu. Ya nne, mboga nyingine zilikuwa zimekwisha. Mama akanionesha: tonge la dona unaliminya, unalibonyeza shimo kwa kidole gumba, unachota, unazungusha mkono ule uzi ukatike, unameza. Hutafuni. Nilifanya fujo, mlenda ukaning'inia mpaka kwenye kiwiko, kijana mmoja wa kuchomelea akaniambia "mama, shona huo!" Benchi zima likacheka. Lakini dona na mlenda vinafaana: yale makwaruzo ya unga yanapotea kabisa. Sasa hivi Alhamisi nafika mapema. Mume wangu hajui, namwambia nimekula mchicha.

Halafu kuna Ijumaa.

Ijumaa ya kwanza nilipanga kutokwenda. Pilau yake inasikika tangu kona ya mtaa, binzari nyembamba na mdalasini na kitunguu kilichokaangwa mpaka kahawia, na mimi historia yangu na pilau mmeshaisoma. Nilikuwa nimebeba mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkoba. Akaniona napita upande wa pili wa mtaa, nimeinamisha kichwa kama mdaiwa. Akaniita kwa sauti: "Fundi! Unanikimbia mimi au unaikimbia pilau?"

Nikaenda kukaa. Nikamweleza habari ya siku ya kwanza, ya kurudi mwanzo, ya sambusa. Alisikiliza huku anapakua, hakusimamisha mkono hata mara moja. Kisha akaniwekea pilau kwenye bakuli lilelile la kijani, kachumbari imejaa sahani, kipande cha nyama. Akasema: "Kula. Jumatatu mchicha upo."

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akizungumza chakula hivyo. Kwenye kundi kulikuwa na waliofaulu na walioanguka. Hapa kulikuwa na ratiba tu: Ijumaa pilau, Jumatatu mchicha. Niliimaliza ile pilau polepole, nikarudi kazini, na ile sauti ya "si umeshaharibu" haikuja. Niliingojea mpaka jioni. Mwenzangu akaniuliza mbona nimenyamaza, nikamwambia nasikiliza kitu.

Kazini, mshono ukienda upande, unafumua inchi mbili, unarudia, unaendelea. Hakuna fundi anayetupa gauni zima kwa sababu ya inchi mbili. Miaka 19 nafanya hivyo kwa vitambaa vya watu, tena vingine vya bei ya kuogopesha.

Nimeweka hesabu, kwa sababu siwezi kuacha kuandika namba. Ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo nimechora mistari: siku niliyokula sahani ya kijani mchana, alama; siku nisiyokula, nafasi tupu. Kwa miezi minane, siku za kazi 208, nina alama 151. Nafasi tupu 57. Kwenye kile kifurushi ningekuwa nimerudi siku ya kwanza mara 57 na ningekuwa bado nalipa. Binti yangu akanisomea tena, safari hii watafiti wa University College London waliofuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga mazoea mapya ya kula, kunywa au mazoezi. Ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuwa mazoea. Aliyewahi kuliko wote siku 18, wengine ilikadiriwa ingefika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Kwangu nadhani ilikuwa kama siku ya themanini. Mvua ilikuwa inanyesha, nikajikuta nimeshavuka barabara na mwavuli kabla sijajiuliza nitakula wapi.

Sasa malalamiko, maana huyu si ndugu yangu na sijalipwa.

Chumvi. Maharage yake yana chumvi nyingi na anatumbukiza vile vidonge vya kuongeza ladha kana kwamba anaweka nadhiri. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Nahisi sahani moja ya pale inakula sehemu kubwa ya hiyo. Nilimwambia. Akanijibu bila kukasirika: "Fundi, wewe umekaa kivulini. Hawa wanaosukuma mikokoteni jasho linawatoka tangu alfajiri, wakikuta maharage ya hospitali hawarudi." Ana haki yake, na wao ndio wengi. Tulichokubaliana ni kwamba ukifika kabla ya saa sita anakuchotea maharage kabla hajayaunga mara ya mwisho. Ukichelewa, kula ya wote.

Mafuta kwenye dagaa, vilevile. Wanaogelea. Mimi nawaegemeza ukingoni mwa sahani mpaka wachuruzike.

Mboga zinakwisha. Saa nane kasoro majani yameisha na atakujazia sahani kwa wali bila kuona haya. Siku mbili dona ilikwisha akapiga sembe na hakusema. Nilijua kwa ulimi. Maji ya kunawa yanawekwa kwenye ndoo yenye koki, yako vizuri, lakini mara moja koki ilikatika tukawa tunamiminiana kwa kikombe. Turubai linavuja upande wa kushoto. Na nzi wakati wa maembe, nisiwadanganye, wapo, ingawa masufuria yake yote yana vifuniko na yule binti anayemsaidia anakaa na taulo kama mlinzi.

Kubebewa chakula, sahau. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na yeye hana vibakuli vya kutupa. Nenda na bakuli lako lenye mfuniko. Mimi nina la bati, la marehemu mama yangu, na nimegundua kwamba nikienda nalo ananipimia mboga kwa ukubwa wa bakuli.

Nyumbani je? Nyumbani mambo ni nusu nusu. Mume wangu anataka sembe nyeupe na hataki mjadala. Chai nimeshuka kutoka vijiko vitatu vya sukari hadi kimoja, imechukua miezi miwili, nikipunguza nusu kijiko kila nilipozoea. Jumapili napika chapati kama zamani, nakula mbili. Zamani nilikuwa nakula moja mezani na tatu nimesimama jikoni, nikihesabu moja.

Mwezi wa kumi nilipima tena: 5.9. Kiuno inchi 39 na nusu. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani mama ntilie anatibu kisukari. Mimi bado nakwenda kliniki kila miezi mitatu, na kama unameza dawa, bakuli lako la dona lijadili na daktari wako. Pia nimeanza kushuka kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu, kwa hiyo sijui inchi ipi ni ya mchicha na ipi ni ya viatu. Nesi aliandika ile 5.9, akasema endelea, akamwita anayefuata. Wale wa kundi, mtu akipungua kilo mbili wanampigia vigelegele vya sauti vinavyojaza simu.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwenye chumvi, na anajua.

Kwa atakayekwenda: fika kati ya saa tano na nusu na saa saba. Beba chenji, noti ya 10,000 asubuhi inamkera. Sema "bakuli la kijani, mboga mara tatu" na atakuelewa bila maelezo ya ugonjwa wako. Alhamisi usivae nguo nyeupe. Na kile kiti cha plastiki, hata ukikikuta kiko wazi na mabenchi yamejaa, usikikalie. Mguu wa nyuma umeungwa kwa waya, na mimi ndiye niliyekivunja, siku ya kwanza, nilipokuwa bado inchi 41.